Mguu Juu ya Mafuta

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimeitanguliza mapema maana najua mkaza mjomba ndiye anayekusomea, na shikamoo ikichelewa utaanza kugonga meza kabla hajafika mstari wa pili. Koo linaendeleaje? Mama anasema daktari aliyekukata sauti angejua ulivyokuwa mbishi, angekukata mapema zaidi. Anacheka, halafu anageuka kufuta macho, kwa hiyo usiyachukulie vibaya maneno yake. Simu anaiangalia tu. Anasema simu bila sauti yako ni kipande cha plastiki, bora barua.

Sisi wazima. Mama bado anashona viti vya magari pale chumba cha mbele. Uzi hauingii kwenye sindano mpaka aulambe mara nne, lakini miwani hataki. Mimi na waya zangu, kama kawaida.

Sasa lililonileta. Injini ya pikapu yetu ilikufa, nikapata nyingine pale yadi ya vyuma chakavu nyuma ya reli. Imekaa vizuri, gia boksi imeipokea kama bibi harusi. Kinachonisumbua ni kidude kisichozidi kiganja: ile sensa ya throtoli, inayoiambia kompyuta dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Kompyuta ni ya pikapu, inataka sensa yake ya zamani. Throtobodi, ule mdomo wa injini unaovuta hewa, ni ya injini mpya, na matundu ya skrubu hayalingani. Baya zaidi, kijiti chake kinazunguka upande wa pili. Nikiishikilia sensa kwa mkono, nikiwa sijakanyaga kitu, kompyuta inadhani nimekanyaga mpaka chini. Nikikanyaga, inadhani nimeondoa mguu.

Najua wewe ni mtu wa kabureta, lakini hakuna tatizo la gari lililowahi kukupita mlangoni bila salamu. Nisaidie.

Mpwa wako,
Fundi Waya


15 Februari

Fundi Waya,

Marahaba, mwanangu. Koo ni lile lile. Natoa mlio kama pampu iliyovuta hewa. Mkaza mjomba wako anasema nyumba imepata amani baada ya miaka mingi, na nilipomwandikia kwenye ubao kwamba hiyo si amani bali ni upweke, aliniletea chai bila kuombwa. Mengine yote mazuri. Mwambie dada yangu miwani si uzee, uzee ni kujichoma kidole.

Nani kakudanganya kwamba mimi ni mtu wa kabureta tu? Sikiliza. Hiyo sensa ina waya tatu. Mmoja unaleta moto, mmoja ni athi inayorudisha moto kwenye bodi, wa katikati unapeleka habari. Wa katikati usiuguse. Badilisha nafasi za hizo mbili za pembeni, na kilichokuwa juu chini kitasimama sawasawa. Matundu yasipolingana, usitoboe throtobodi, utajuta. Kata kipande cha bati nene la alumini, kifunge kwenye throtobodi, halafu sensa uifunge juu ya hicho kipande. Matundu ya sensa yafanye marefu kidogo, kama macho ya mtu mwenye usingizi, ili uweze kuizungusha. Weka mita, zungusha mpaka isome nusu volti mguu ukiwa juu. Kaza hapo.

Na hiyo injini, ilitoka kwenye gari gani? Watu wa yadi hawana historia, wana spana tu. Lakini macho unayo. Niambie ulichokiona.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema ametumiwa tusi la miwani na amelipokea. Ameanza kushona viti vya pikapu. Kamaliza cha abiria, kitambaa cha kahawia, mshono mweupe, kazi safi kweli. Nilipomuuliza cha dereva, akasema, "Hicho mwenyewe atachagua rangi." Nikafikiri ananitania mimi, kwa kuwa mwenyewe ni mimi. Nikasema basi kijivu. Akakata uzi kwa meno.

Waya nimezibadilisha. Kipande cha alumini nimekikata, na matundu ya macho ya usingizi yalinigharimu tupa mbili. Mita ilisoma nusu volti mguu ukiwa juu, nne na nusu mguu ukiwa chini, na katikati inapanda laini kama maji kwenye birika. Niliruka, Mjomba. Nilimkumbatia mama na mikono yangu ya grisi.

Halafu jioni ile ile, kabla ya kufunga, nikafungua swichi bila kuwasha injini, nitazame tena. Nilikuwa nimeinama juu ya injini, hakuna mtu ndani ya gari. Mita ikaanza kupanda. Ikapanda polepole, ikatulia, ikashuka ghafla, ikapanda tena. Nikaangalia kile kisahani cha hewa ndani ya throtobodi: kimefunga, hakijasogea hata unywele. Nikaangalia pedeli: iko juu. Lakini namba zinapanda na kushuka kama za mtu anayetoka sokoni anaenda barabara kuu, anabadilisha gia kila anapohitaji. Nimekaza plagi, nimesafisha athi, nimekausha kila kitu. Bado.

Umeniuliza nilichokiona. Yadi hawajui gari lilikuwa la nani, lilifika bila namba. Injini yenyewe nzima, ila sikio moja la manifodi, pale nati inapokaza mabomba ya moshi, liliwahi kuvunjika, na fundi fulani akalichomelea kwa shaba. Alama imebaki imevimba kama harage. Kazi nzuri, wa siku hizi hawajui kuchomelea hivyo.

Mpwa wako


9 Machi

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Tu wazima.

Nunua sensa mpya kabisa, iliyo kwenye boksi. Usichukue ya yadi. Ukishaifunga, fungua swichi uitazame mita, na uniambie jambo moja: namba zinapotaka kupanda, je, hugusa mara mbili kwanza, fupi fupi, kama mtu anayebisha hodi?

Dada yangu asikae karibu na gari hilo wakati swichi iko wazi. Usimwambie ni mimi niliyesema.

Mjomba


28 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na habari za nyumbani kwako, na za mkaza mjomba. Nauliza kwa sababu nimelelewa vizuri, si kwa sababu nina utulivu.

Umejuaje?

Nimefunga sensa mpya. Bado hata haikuwa na vumbi. Nilifungua swichi mchana kweupe, mlango wa gereji wazi, redio ya kinyozi wa ng'ambo inaimba. Mita ikagusa mara mbili. Fupi, fupi. Hodi, hodi. Halafu ikapanda. Sikukwambia habari hiyo kwenye barua yangu kwa kuwa mwenyewe sikuwa nimeitilia maanani, nilidhani ni mtikisiko wa waya. Wewe uliye mbali kiasi hicho umeijuaje?

Kuna jingine. Wiki iliyofuata haikuwa mita peke yake. Kisahani cha hewa kilianza kufunguka. Chenyewe. Nikakiona kinageuka, na kebo inavutika, na nilipozunguka nikachungulia mlangoni, pedeli ilikuwa inashuka. Ikagusa mara mbili, ikashuka, ikabaki chini kwa muda, ikapanda. Raba ya pedeli ilibonyea katikati kama inavyobonyea chini ya kiatu. Nilifunga swichi, nikatoka nje, nikakaa kwenye tairi bovu.

Kuhusu mama, nimejitahidi. Lakini chumba cha kushonea na gereji vinatenganishwa na ukuta wa mbao, na siku nilipoiwasha injini kwa mara ya kwanza, kabla hajaanza viti vya pikapu, alisimamisha cherehani katikati ya mshono. Hakuja kuangalia. Alisimama tu nyuma ya mbao ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza aliyeko chumba cha pili. Nikamwuliza, "Mama, kuna nini?" Akasema, "Hakuna. Endelea kuiwasha."

Niambie unachokijua.

Mpwa wako


20 Aprili

Mjomba,

Barua zangu hazifiki, au zinafika na wewe unazikalia?

Mama sasa hukaa kwenye pikapu kila siku baada ya chakula cha mchana. Anakaa kiti cha abiria, anafunga mkanda, anatazama mbele ukutani. Swichi imefungwa, ufunguo ninao mimi mfukoni. Nimemwuliza anafanya nini, akasema anapumzika. Anakula vizuri, analala, anaimba akishona. Sijamwona hivi tangu nikiwa shule. Ningefurahi, Mjomba, kama si jana. Jana alipotoka, pindo la gauni lake na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu. Hapa kwetu udongo ni mweusi mpaka uvunguni mwa vitanda, na pikapu haijatoka gerejini tangu niinyanyue injini.

Nijibu, tafadhali. Hata mstari mmoja.

Mpwa wako


11 Mei

Mwanangu,

Zilifika zote. Nilikaa nazo. Mkaza mjomba wako alinipa karatasi kila asubuhi, na kila jioni akaikuta tupu. Mwishoni akaniambia, "Umenyang'anywa sauti, mkono nao umempa nani?" Ndipo nikashika kalamu.

Lile harage la shaba nililichomelea mimi. Fundi huujua mchomeleo wake kama dada yangu anavyoujua mshono wake. Sikio lile lilivunjika mikononi mwa baba yako, alikaza nati kwa hasira. Akaniletea akiwa amenuna, nikamchomelea, tukacheka, akaondoka. Hiyo ndiyo injini ya gari alilokuwa akiendesha. Tajiri wa gari alilichukua baada ya baba yako kupotea, akalitumia, akaliuza, likauzwa tena mpaka likaoza, na chuma chake kimefika kwenu.

Na ule mguu. Nilimfundisha mimi kuendesha, kwenye lori bovu ambalo gia ya tatu haikuingia mpaka uguse mafuta mara mbili. Lori lilikufa, tabia ikabaki. Hata kwenye magari mazima shemeji aligusa mara mbili kabla ya kupandisha. Watu wa mtaani walikuwa wakisikia gari wakasema, huyo anapita. Sijawahi kumsikia dereva mwingine anayefanya hivyo.

Unajua yaliyobaki. Alitoka asubuhi kumpeleka abiria, akamfikisha, na katika kurudi hakurudi. Gari lilikutwa njia panda, milango imerudishwa tu, ufunguo ndani. Tulitafuta kuanzia pale njia panda kwenda chini, kila nyumba, kila mfereji, mpaka watu wakaanza kusema amekimbilia kwa mwanamke. Dada yangu hakusema hivyo hata siku moja. Alisema, "Hajafa. Hajarudi tu."

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu amengoja miaka yote hii bila kaburi wala habari, na amejifunza kuishi hivyo, kama mtu mwenye mguu mmoja anavyojifunza kutembea. Nikimwambia ile ni injini yake, nitampa tumaini, na tumaini la namna hii silijui linakula nini.

Ng'oa throtobodi nzima, uiweke mezani. Ng'oa betri. Bila hivyo viwili, hata shetani ataomba lifti. Funga gereji. Usimwambie mama. Nitatafuta njia ya kuliondoa hapo.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima, yuko kitandani, amelala. Nakwambia hilo kwanza ili usome mengine bila kukimbia.

Nilifanya ulivyosema, ila agizo moja nililivunja. Nilimwambia. Nisingeweza kukaa naye meza moja na jambo hilo katikati yetu kama sahani ya tatu. Hakushtuka. Alikuwa anapindua ukingo wa kitambaa, akaendelea kuupindua. "Nilijua siku uliyoiwasha," akasema. "Unadhani mtu anasahau mguu wa mumewe?" Nikamwuliza haogopi. Akasema, "Niogope nini? Wewe unaogopa kwa sababu ulikuwa mdogo. Humjui."

Juzi nilikwenda kumtengenezea mteja taa. Niliporudi mlango wa gereji ulikuwa wazi na pikapu haipo. Throtobodi iko mezani, sensa ikiwa juu yake kama nilivyoifunga, betri iko sakafuni inachajiwa. Ufunguo ninao mfukoni, nilikuwa nimeubana mpaka ukanichora kiganjani. Nikakimbilia kwa kinyozi.

"Mama yako amepita sasa hivi na pikapu," akasema. "Amenipungia mkono. Amependeza kweli."

"Nani alikuwa anaendesha?"

Akasimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja. Akafikiri. "Unajua, huo upande sikuutazama." Halafu akafikiri tena, na nikaona uso wake unabadilika. "Nilitaka kuutazama," akasema, "nikajikuta nimetazama kwingine."

Nilikodi pikipiki. Sikuwa na pa kuanzia isipokuwa lile vumbi jekundu. Nikamwuliza mwenye pikipiki udongo mwekundu uko wapi, akasema hakuna mwingine ila kwenye tanuri za zamani za matofali, juu kule kilimani, kabla hujateremkia njia panda. Ni mwendo wa kupanda, Mjomba. Wanaume sita wasingeisukuma pikapu ile mpaka pale.

Tukaiona imeegeshwa pembeni, sawasawa kabisa, magurudumu yamegeuzwa kuelekea ukingoni, kama dereva anayejua mlima anavyoegesha. Mama alikuwa kiti cha abiria, mkanda umefungwa, kioo kimeshushwa. Nilifungua boneti kwanza, Mungu anisamehe, kabla hata ya kumgusa. Chuma kilikuwa cha moto, mkono wangu ulirudi wenyewe. Pa betri patupu. Pa throtobodi patupu, mdomo wa injini wazi.

Nikaenda dirishani. "Mama."

"Kanyaga polepole, kuna vumbi," akasema. Alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri kituo.

"Mama, nani kakuleta?"

"Ya nini kuuliza unalolijua?"

"Amekwambia nini?"

"Dereva haongei akiwa kazini." Akatabasamu kidogo. Halafu akanyoosha kidole kuelekea juu ya barabara, ng'ambo ya tanuri, upande ambao majani ni marefu. "Injini imechemka. Ameshuka na galoni kwenda kuchota maji. Kaelekea pale."

"Lini, mama?"

"Zamani," akasema.

Nyuma ya tanuri ya mwisho kuna kisima walichokuwa wakichotea maji ya kukandia udongo wa matofali. Kilifunikwa mbao, mbao zikaoza, majani yakaota juu yake yakashikana. Ungeweza kupita karibu na ukaona uwanja tu. Katikati ya mbao kulikuwa na tundu la kumtosha mtu, limezibwa na mizizi. Nililala kifudifudi nikachungulia. Sikuona kitu. Baridi ya humo ndani ilikuja usoni mwangu, nikajua.

Askari walikuja, na watu wenye kamba. Walimtoa baada ya saa nyingi. Sitakueleza alivyokuwa, wewe mwenyewe unaweza kujua miaka inafanya nini. Kipini cha galoni kilikuwa pamoja naye. Mama aliomba aonyeshwe mkanda wa suruali. Ulikuwa wa ngozi, umebaki kipande, na kwenye kipande hicho kulikuwa na mshono mweupe ulioliwa nusu. Akaupitisha kidole mwanzo mpaka mwisho. "Huu ni wangu," akawaambia askari. "Ulikatika, nikamshonea asubuhi hiyo hiyo, akiwa amesimama, nikamwambia asitikisike."

Mzee mmoja aliyewahi kulinda kituo cha mafuta pale njia panda alikuwa miongoni mwa waliokuja kutazama. Alipoona mahali pikapu ilipoegeshwa akavua kofia. Akasema siku ile baba alipopotea, gari lake halikukutwa njia panda. Lilikutwa hapo hapo, juu. Watu wa lori ndio waliolikuta halina mtu, wakalishusha kwa kuliachia mteremko mpaka kituoni, lisije likavuliwa magurudumu. Walifanya kwa wema, wakaendelea na safari yao, na hakuna aliyewauliza. Ndiyo maana mlitafuta chini. Mlitafuta kwa nguvu zenu zote, Mjomba, mahali ambapo hakuwahi kufika.

Pikapu tuliivuta kwa kamba kuirudisha. Njiani niliushika usukani mimi, na gari lilikuwa zito na kimya kama gari lolote bovu. Mama alikataa kupanda gari la askari. Alikaa kando yangu. Tulipofika gerejini alishuka, akapapasa kiti cha dereva, akaingia chumbani akalala, na hajaamka ila kunywa maji.

Tunakungoja tumzike.

Mpwa wako


6 Juni

Mwanangu,

Barua yako ilisomwa hapa na mtu aliyekuwa akilia, kwa mtu asiyeweza kulia kwa sauti. Tulichukua asubuhi nzima.

Nimewaza sana habari ya wale watu wa lori. Nimetaka kuwakasirikia, nimeshindwa. Ningekuwa mimi ningelishusha vile vile.

Nakuja. Mkaza mjomba wako amefunga mzigo tangu jana, akaupangua na kuupanga upya mara mbili, kwa hiyo ujue safari ni ya kweli. Sitaweza kusema neno kaburini, utanisemea wewe. Sema tu kwamba alikwenda kuchota maji, na kwamba alikuwa anarudi nyumbani. Hao waliosema mengine wasikie hayo kwa sauti yako, maana unayo.

Dada yangu mwache alale. Ana usingizi wa miaka mingi, na wote ni wake.

Nilikuambia nitaliondoa gari hilo. Sasa nakuomba kinyume chake. Rudisha throtobodi mahali pake, na betri, na sensa uizungushe mpaka isome nusu volti, kisha njoo unipokee nalo. Nimemfundisha mtu yule kuendesha na sijawahi kukaa nyuma yake hata mara moja. Siku zote ni mimi niliyekaa mbele kumkaripia. Safari hii nitakaa nyuma na mke wangu, kimya, kama abiria. Kiti cha mbele ni cha dada yangu.

Wewe utaendesha, kama utaachiwa.

Mjomba wako